Mikono ya Kianda, Mdomo wa Kabiro

Mandazi yangu yamesomesha watoto wangu wote, na sasa mjukuu wangu yuko chuo. Nasema bila aibu. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini nimeishi mahali watu wanaamua wenyewe, na mahali wanaamuliwa na waliyemchagua. Kote nimechoka.

Kule Kianda, Kibera, ploti yetu haikuwa na kiongozi. Jambo likitokea, wapangaji wote tunasimama uani, kila mtu anabwata mpaka maharagwe yanaungua. Siku landilodi aliposema atatujengea choo, alituachia tuamue kikae wapi. Watu wakaona kando ya mlango wangu ndipo pazuri, karibu na mtaro. Pale pale nilipokaangia mandazi.

"Nani atanunua mandazi ya chooni?" nikawauliza.

"Mama, tutanunua tukiwa tumeziba pua," mwanamume mmoja akasema, watu wakacheka.

Wakainua mikono. Hata jirani yangu, ambaye mtoto wake nilimwogesha siku aliyozaliwa, aliinua wake huku akiangalia chini. Nikashindwa. Lakini kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, jirani huyo alikuwa chooni akimwaga maji na kusugua. Hakuna aliyemtuma.

Nilipohamia Kabiro, huku Kawangware, nilishukuru. Huku tulichagua mwakilishi mmoja awe anaongea na landilodi, sisi wengine tupumzike. Mimi mwenyewe nilimpa kura, kijana mtaratibu, anajua kujieleza. Juzi akarudi kutoka kwa landilodi na neno: pale uani ninapoweka jiko patakuwa pa kuegesha pikipiki.

Nikagonga mlango kwa mlango.

"Pole shosho, si sisi," wakaniambia. "Ni yule tulichagua."

Nikamwendea yeye.

"Shosho, mimi ni mdomo wa watu tu," akasema. "Na wenye pikipiki ni wengi."

Mjukuu wangu ananiambia tungoje tuchague tena, tumtoe. Pengine. Miguu yangu haijui kungoja siku hizi.

Sasa napikia ndani, mlango wazi, moshi unanitoa machozi. Majirani wanakuja kununua, wanayasifu mandazi, tunacheka vizuri tu. Hakuna hata mmoja anayeangalia chini.