Bisundeo na Zege la Majivu

Bisundeo hakumwamini mtu yeyote aliyeshika saruji isipokuwa yeye mwenyewe. Simlaumu. Kimbunga kilimwangushia ndugu yake nyumba, na kwenye kifusi akakuta zege linasagika kwa vidole. Mkandarasi alikuwa ameiba saruji. Tangu hapo, miaka ishirini na miwili ya uashi hapa Labasa, Fiji, alikuwa akionja mchanga kwa ulimi na kutukagua sote kama askari wa forodha.

Basi fikiria tulipoletewa magunia ya majivu! Tulikuwa tunajenga ukumbi wa kijiji wa kujikinga na vimbunga, na injinia wetu, Losana, alitaka majivu ya makapi ya miwa kutoka kiwanda cha sukari yachukue nafasi ya sehemu ya saruji.

"Majivu ni ya kusugulia sufuria, binti," Bisundeo akamwambia.

"Na zege hili halitetemeshwi, mzee. Linajisambaza lenyewe."

"Lenyewe! Lina miguu?"

Tukacheka. Lakini kweli lilitiririka kama uji, likajaza boksi la mbao la kila nguzo mpaka pembeni. Badala ya kufurahi, Bisundeo akaninong'oneza, "Ilaitia, kinachoteremka kirahisi hivi kimejaa maji. Hawa wanatuibia."

Losana alipokwenda kula, Bisundeo akachukua vaibreta, mashine ya kutetemeshea zege ili lishikane, akaichomeka kwenye nguzo ya kumi, ya mwisho, kama alivyozoea. Nami, mjinga mkubwa, nikamwashia injini.

Siku ya tatu tukafungua mbao. Juu ya nguzo ile ukigonga nyundo, vipande vinadondoka. Kokoto zote zilikuwa zimezama chini. Mkaguzi wa wilaya akakunja uso. Kama kosa ni la majivu, alisema, kazi itasimama mpaka msimu wa vimbunga upite. Familia arobaini zingebaki chini ya mabati yao.

"Si nilisema mimi!" Bisundeo akafoka. Nikamtazama rafiki yangu, naye akakwepesha macho. Kisha akazunguka akizigonga zile nguzo tisa nyingine, moja moja. Zote imara. Akaondoka bila kuaga, na mimi nikaona aibu kuliko yeye.

Kesho yake asubuhi, mkaguzi akiwa anaandika barua ya kusimamisha kazi, Bisundeo akaingia na fungu la mizizi ya kava, mmea wa kinywaji chetu cha heshima. Ndivyo sisi Wafiji tunavyoomba radhi. Yeye Mhindi hakuwahi kufanya hivyo maishani. Akaketi chini mbele ya Losana, kichwa ameinamisha.

"Majivu hayana kosa, binti. Nililitetemesha zege ulipokwenda kula, ndiyo maana kokoto zilizama."

Nikaketi kando yake. "Na mimi niliwasha injini."

Mkaguzi akaiweka kalamu chini. Losana akaigusa ile mizizi, akapiga makofi matatu ya kupokea.

"Nimesamehe, mzee. Kazi inaendelea. Ila nguzo ile utaivunja mwenyewe."

Juu ilibomoka upesi. Alipofika katikati, nyundo ikaanza kumrudia mikononi, zege gumu kama jiwe. Akapiga, akapiga, jasho likimtoka, mwisho akaketi juu ya kifusi akalia.

"Lilikuwa zima, Ilaitia," akasema. "Lilikuwa zima mpaka nilipoligusa."