Fataki Alizochanganya Mama

Ilianza Jumamosi saa tisa na robo alasiri, Mama alipoingia gereji na kitambaa cha kufutia meza. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, kwa hiyo sikumwona.

Mezani kulikuwa na vitu vya Mjomba. Mjomba ni mdogo wake Mama, tunaishi naye huku ughaibuni, Macquarie Fields, na siku zake za mapumziko huenda klabu kulenga shabaha. Risasi anajitengenezea. Anachukua ganda lililokwisha kutumika, anatia fataki mpya kwenye kitako, kisha baruti, kisha kichwa. Fataki ni kikopo kidogo kama punje ya dengu, na ndiyo inayowasha baruti.

Wakati huo fataki zilikuwa zimeadimika. Kila duka alilopigia simu lilimjibu hakuna, mpaka moja la Granville likampa pakiti ya aina nyingine, yenye moto mkali zaidi. Alizichukua, lakini hakutaka kuzitumia bado.

"Hizi hubadilishi tu hivi hivi," aliniambia. "Ukibadilisha fataki, unapunguza baruti na kuanza kujaribu upya kutoka chini. Ni kama kutoka jiko la makaa kwenda la gesi. Sufuria ni ile ile, lakini ukizubaa umeunguza."

Nikaitikia kwa kichwa. Mimi si msemaji, huwa naitikia kwa kichwa tu.

Zile za zamani zilizobaki alikuwa amezitunza kwa ajili ya Jumapili. Klabu ilikuwa inachagua timu ya kwenda kushindana mikoani, na ilibaki nafasi moja. Mwaka uliotangulia aliikosa kidogo tu, na tangu hapo hatukuwa na wimbo mwingine nyumbani.

Sasa Mama hawezi kuvumilia nusu mbili. Sukari nusu na sukari nusu lazima ziwe pakiti moja. Mjomba alikuwa ametoka kidogo kwenda dukani. Mama akaona trei mbili zenye matundu, fataki zimekaa humo kama mayai, moja, ya zile za zamani, ikiwa na mapengo. Akaziba mapengo hayo kwa fataki za trei nyingine, akafuta meza, akaridhika.

Mjomba aliporudi alianza kazi. Mama akakaa kwenye ndoo ya rangi kumsimulia mambo ya harusi fulani ya kanisani, na Mjomba akawa anacheka huku mikono inakwenda. Nami, viazi vilipokwisha, nikaja gereji; kazi yangu ilikuwa kupanga risasi zilizokamilika kwenye kasha, vichwa chini. Ndipo nikaona vitako. Fedha, fedha, dhahabu.

Nikasema kwa Kiingereza, chini chini, kwamba nyingine zina rangi tofauti.

"Huyu naye anazinong'oneza risasi," Mama alisema. "Wee, sauti umeiacha shule?"

Nilisikia masikio yanawaka moto. Nikasema tena, kwa Kiswahili na kwa nguvu: "Mjomba, nyingine zina kitako cha dhahabu!"

Mjomba aliichukua moja akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akaichukua nyingine.

"Dada, umeshika trei zangu?"

"Nimekupangia. Ulikuwa na nusu nusu kama kioski cha mtu anayefilisika."

"Dada!"

"Kwani si zote ni fataki? Si zote zinalipuka?"

"Hizi zinalipuka zaidi, na baruti niliyotia imepimwa kwa zile."

"Basi tenga za dhahabu, uende na za fedha."

"Hazitoshi. Maganda mengi yana za dhahabu, na kuyafungua ni kazi ya siku nzima."

"Ongezea chache basi. Nani atajua?"

"Shavu langu litajua," Mjomba alisema. "Ndilo linalolalia bunduki."

Akalitazama lile kasha kwa muda, nami nikaona anapiga hesabu, na kwamba hesabu ile hakuipenda. Kisha akatoa simu, akampigia mtu wa klabu, akasema kesho hatakuja. Hakueleza sababu. Nadhani hakutaka dada yake atajwe.

Mama haombi msamaha. Jioni ile alipika chapati, za kumimina, zile ambazo Mjomba huziomba kila mara na kuambiwa asubiri Krismasi. Mjomba alikula nne.

Asubuhi yake Mama alivaa, akachukua funguo za gari. Nikamwambia siendi kanisani leo. Alinitazama, akaondoka.

Mjomba alikuwa gereji, anazifungua risasi zote ili aanze upya, anang'oa vichwa na kurudisha baruti mkebeni. Nilivuta ile ndoo ya rangi nikakaa mbele yake. Nikawa nachukua moja moja kwenye kasha, natazama kitako, namtajia rangi kabla ya kumpa, ili asizichanganye tena.

"Fedha. Fedha. Dhahabu."

"Sikusikia," akasema bila kuinua kichwa, ingawa nadhani alisikia.

"Dhahabu!"

Akanyoosha mkono, nikampa.