Kioo cha Kushoto

Severa hanunui kitu mpaka akichoshe. Akienda kununua ndoo za jumla atazigonga, atazikalia, atazijaza maji na kuzibeba huku na huku mpaka mwenye duka ajute kwa nini alifungua siku hiyo. Mimi ni jirani yake Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Yeye anauza vyombo vya plastiki, mimi nauza khanga, na ukuta wetu ni mmoja. Yeye Mchaga wa Marangu, mimi mtu wa Kilwa. Yeye ananiona mvivu, mimi namwona hana breki, na tumeishi hivyo tangu binti yake Vicky anatambaa chini ya meza yangu.

Kwa hiyo aliponiambia anataka kununua gari nilijua nimekwisha. Nilijua pia gari lenyewe si la starehe.

Mume wake, Elisaria, aliondoka Desemba moja asubuhi kwenda Moshi, peke yake, na Subaru yake ndogo. Severa alibaki kwa sababu ya duka, maana hakuna mfanyabiashara wa Kariakoo anayefunga wiki ya kuelekea Krismasi. Mume alisema atampigia akifika Segera. Hakupiga. Mvua zilikuwa kubwa mwaka ule. Walimtafuta hospitali zote za njia ile, vituo vya polisi vyote, mochwari zote. Hakuonekana yeye wala gari. Toka hapo, kila mwezi Severa anaitia vocha laini ya mumewe isifungwe.

Mwaka huu ukoo ukasema basi. Kwao, mtu asipopatikana kabisa, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukafungwa shuka, ukazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, kwa sala zote, ili aliyekwenda apumzike na waliobaki nao wapumzike. Mama mkwe wake anaumwa na hataki kufa kabla hajamzika mwanawe. Severa akakataa.

"Moza, huwezi kumzika mtu ambaye yuko njiani," aliniambia.

"Njia gani hiyo isiyofika, Mama Vicky?"

"Hiyo hiyo."

Siku ikapangwa bila yeye. Ndipo akasema ataenda, lakini ataenda kuwazuia, tena kwa gari lake mwenyewe, ili asimame kwenye kila daraja atakalo na kuchungulia chini. Basi likikupeleka halikusubiri uchungulie. Mimi nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, maana kuna huruma nyingine inachosha.

Dalali wetu alikuwa Beno, kijana wa maneno mengi, yadi yake iko upande wa Gerezani. Alituwekea magari mawili. La kwanza Benzi nyeusi, ya zile za daraja la mwanzo, ambazo mtu huzinunua akiwa amepata kidogo lakini anataka majirani wadhani amepata sana. La pili Subaru nyeupe, fupi, mkia umekatwa, gari la vijana wanaopenda kusikika kabla hawajaonekana.

"Shikamooni mama zangu," alisema Beno. "Hii nyeusi ni heshima. Hii nyeupe ni mnyama. Nyie tu."

"Marahaba. Tunaanza na heshima," nikasema, kabla Severa hajafungua mdomo.

Severa akashika usukani, Beno akakaa mbele kushoto, mimi nyuma. Nikiri tu, ile Benzi ilikuwa tamu. Kiti kilinipokea kama kimenisubiri. Ila ukifunga mlango, Kariakoo yote inazimwa. Tulipita kati ya watu tukaenda Kivukoni, tukazunguka Feri, na niliwaona wakaanga samaki wanafungua midomo, wapiga mnada wanarusha mikono, na sauti hakuna. Nilihisi kama sisi ndio tuliokufa na wao hawajaambiwa.

Njia nzima gari lilikuwa linalia, ti, ti, ti, mpaka Beno akacheka na kujifunga mkanda.

"Lina akili hili, mama. Linajua kama kiti kina mtu. Ukiweka mkoba halijali. Akikaa mtu, asipofunga mkanda linapiga kelele."

Mimi siamini cha kuambiwa na dalali. Tuliposimama nilimtoa Beno kwenye kiti, nikaweka pochi langu, na ndani mlikuwa na doti za khanga za kutosha kumvisha bibi harusi na mashoga zake. Gari likanyamaza kimya. Alipokaa Beno, likalia.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona. Mama Vicky, chukua hili twende tukale."

Severa alikuwa anatazama mbele. "Limetulia mno. Siisikii barabara."

"Ndiyo raha yenyewe."

"Mimi nataka niisikie."

Mchagua jembe si mkulima, nikamwambia. Nilijua anachotaka, na sikukipenda. Alitaka ile nyeupe, kwa sababu ilikuwa sawasawa na ya Elisaria, isipokuwa rangi. Ya Elisaria ilikuwa ya bluu.

Tukaingia kwenye Subaru. Safari hii nilikaa mimi mbele kushoto, Beno akajikunja nyuma. Lo, kila shimo lilinipanda mgongoni. Gari gumu, linanguruma, ukiligusa kidogo linaruka. Lakini uso wa Severa ulilegea. Aliendesha kama mtu aliyerudi nyumbani, maana ndani ya gari kama lile ndimo mumewe alimomfundishia kuendesha. Alikata kona bila kutazama gia, mkono wake ukienda wenyewe.

Mimi si mtu wa mashetani. Nimekulia Kilwa, hadithi za mashetani nimezisikia zote, na nusu yake nilizitunga mwenyewe. Nasema nilichokiona. Tulikuwa tunakaribia karakana za Gerezani, jua la saa sita limesimama utosini, pale kioo cha pembeni cha kushoto kilipoanza kugeuka chenyewe. Kilinguruma kidogo, kikainama, kikageukia ndani taratibu mpaka kikanikabili. Mikono ya Severa ilikuwa kwenye usukani. Yangu ilikuwa kwenye pochi.

"Ni waya huo," alisema Beno kutoka nyuma. "Fundi anaurekebisha."

Nikakitazama nijione. Sikujiona. Niliona weupe tu, na juu yake kitu kinapita polepole, kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kama maji yanavyopita. Nikajiambia ni jua. Nikasogeza kichwa huku, nikasogeza kule. Maji yale yakaendelea kupita.

Ndipo nikaona namba. Sisi wa mjini hapa, ukinunua gari, kabla hata hujalipeleka kanisani au kulisomea dua, unalipeleka kwa fundi akwangue namba ya gari kwenye vioo na taa. Maana kioo kinang'olewa asubuhi, mchana unakikuta dukani kinakungoja ukinunue tena, na mwenye duka anakupa pole kabisa. Kikiwa na namba, wanakiogopa kidogo.

"Beno, hiki kioo mbona kina namba ya gari jingine?" nikauliza, nikafurahi kwamba nimepata cha kumsimanga. Nikaisoma kwa sauti, herufi na tarakimu zote. "Tena aliyekwangua sijui alikuwa amelewa. Sindano imemteleza, mkwaruzo umekwenda mpaka ukingoni."

Severa alikanyaga breki katikati ya barabara. Nyuma yetu honi zikaanza, basi la mwendokasi likapita pembeni, mtu akatutukania wazazi wetu.

"Soma tena," alisema.

Nikasoma tena, na safari hii sauti yangu mwenyewe niliiogopa.

"Ni kioo cha upande wangu," alisema Severa. "Asubuhi anaondoka nilijifungia kilemba kwenye hicho kioo, pale getini. Akaniambia, maliza basi, unanichelewesha."

Beno alianza kujieleza. Kwamba kioo cha asili cha Subaru kiliibwa, kwamba walinunua kingine cha mtumba, kwamba kila mtu anafanya hivyo. Hakuwa anadanganya. Mji mzima unafanya hivyo, na mimi mwenyewe nimeshamnunulia mwanangu Hafidhi taa za bajaji yake ambazo sikuuliza zimetoka wapi. Nilimwambia anyamaze.

Karakana ya Vitalis ilikuwa mita chache mbele. Vitalis ndiye aliyemkwangulia Elisaria vioo, na kwa ule mkwaruzo walitukanana siku nzima, kisha wakawa marafiki mpaka wakabatizana ndugu. Alikuja akifuta mikono, akapitisha dole gumba juu ya kioo, akalirudisha, akalipitisha tena.

"Huu mkono wangu, shemeji," alisema.

"Kifungue," alisema Severa.

Akakitoa kioo chote na ganda lake, akakiweka juu ya benchi, akabandua. Kilichomwagika kutoka ndani kilikuwa mchanga. Mchanga laini, mweupe, umekauka, na katikati yake jani dogo jembamba ambalo hakuna mti wa Gerezani unaolizaa. Ulimwagika muda mrefu kuliko ganda lile linavyoweza kubeba. Mafundi waliokuwa jirani wakaacha kugonga.

"Hili si vumbi la barabarani," alisema Vitalis polepole. "Hiki kilikaa mtoni."

Nilimshika Severa mkono nikidhani ataanguka. Hakuanguka. Aliukusanya ule mchanga kwa kiganja, wote, akautia kwenye mfuko wa rambo, akaufunga fundo. Uso wake ulikuwa mtupu, na mimi ndiye niliyelia, tena kwa sauti, mbele ya vijana wa watu.

Beno mwenyewe, maneno yamemwisha, alitupeleka dukani alikokinunua. Muuza spea akasema vioo vinamfikia kwenye magunia, vimechanganyika, kutoka kwa watu wanaonunua vyuma chakavu mikoani, na gunia halina jina. Tukaenda polisi. Wakakipiga picha kioo, wakaturudishia, wakaandika maelezo, wakaahidi kuuliza kwenye vituo vya njia ile na kwa wanunuzi wa vyuma. Wanaendelea kuuliza mpaka leo.

Mwisho wa mwezi nilimwona Severa amesimama kwenye kibanda cha vocha kama kawaida yake. Alisimama pale, watu wakampita, wakanunua, wakaondoka. Kisha akageuka, akarudi dukani mikono mitupu. Nilimpelekea chai.

Kuhusu gari, nilidhani sasa atang'ang'ania ile nyeupe. Akachukua Benzi.

"Si ulisema unataka kuisikia barabara?" nikamwuliza.

"Nimeshaisikia, Moza."

Siku ya kuondoka alikuja dukani kwangu asubuhi, akaniomba khanga. Nikavuta ya kwanza iliyokuwa mbele, nikamnyooshea nikisubiri aigeuze, aivute nyuzi, ainuse, aikatae, aombe nyingine. Aliipokea tu. Huyu mwanamke, katika miaka yote, ndiyo mara ya kwanza nimemwona anapokea kitu bila kukikagua, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Akakifunga kile kioo kwenye khanga, pamoja na mfuko wa mchanga. Vicky alikuwa ametangulia kwa basi kwenda kumwuguza bibi yake. Elisaria alikuwa mrefu, na kule Marangu mgomba walikuwa wameshauchagua kwa kimo chake. Severa alisema watafungua shuka kidogo, wakiweke hiki ndani, upande wa kushoto, wafunge.

"Kwa hiyo huendi kuwazuia," nikasema.

"Siendi kuwazuia. Kwa nini niwazuie tena?"

Alikiweka kifurushi kwenye kiti cha mbele, cha kushoto. Kilikuwa chepesi, nilikuwa nimekibeba mimi mwenyewe kwa mkono mmoja kutoka dukani. Akazunguka, akakaa kwenye usukani, akawasha gari.

Ti, ti, ti.

Tulitazamana. Kisha sote tukakitazama kiti. Nikakumbuka lile pochi langu, uzito wake wote, na gari limenyamaza.

"Ni waya," nikasema.

Severa aliinama, akavuta mkanda polepole, akaupitisha juu ya kile kifurushi, mkono wake ukipita juu kabisa, pale ambapo kifua cha mtu mzima kingekuwa, akaupachika. Gari likanyamaza.

"Nilikuambia alikuwa njiani," alisema. "Sasa nampeleka."

Akapandisha kioo cha dirisha. Nikabaki barabarani na kelele zangu za Kariakoo, mikokoteni, wauza maji, watu wanaitana, na yeye ndani ya ule ukimya. Akaondoka taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Kupitia dirisha nilimwona midomo yake inatembea na uso wake umegeukia kushoto kidogo. Mpaka anakata kona ya Msimbazi, alikuwa bado anaongea.