Karoti Zilizonigeuza Rangi

Nilikuwa nimetoka Riyadh kuja Jeddah kumwendesha bosi mpya wa mtaa wa Al-Hamra, na haikupita hata wiki nikaligonga pipa la taka la jirani, mchana kweupe. Madam, mke wa bosi, akaniuliza kama naona. Nikamjibu naona vizuri, ila pipa limefanana na ukuta.

Dada aliyepika pale, Mkenya mwenzangu, aliniita jikoni.

"Kaka, hayo macho yana njaa. Yanataka vitamini A. Kula karoti."

Kazi niliipenda, basi nikala. Asubuhi karoti na chai. Mchana nikizitafuna garini nikimngoja madam nje ya maduka. Jioni nikinywa juisi ya karoti hizohizo. Sungura wangenionea wivu.

Siku moja bosi alinipa funguo, akatupia macho mkono wangu, akarudi nyuma. Viganja vilikuwa rangi ya chungwa!

"Wewe mgonjwa! Ini hilo! Yalla, twende hospitali!"

Akaendesha mwenyewe, madirisha yote wazi, mimi nimewekwa kiti cha nyuma kama waziri. Nilisali njia nzima. Nilishaanza kuwaza nani angempelekea mama habari.

Daktari, mama mmoja wa Kisudani, akanivuta kope chini.

"Macho meupe kabisa. Ini liko sawa. Unakula nini wewe?"

Nikamweleza yote, kuanzia pipa hadi juisi. Alicheka hadi akavua miwani akapangusa machozi.

"Sikiliza, mwanangu. Vitamini nyingi mwili hauwezi kujitengenezea, ndiyo maana tunazipata kwenye chakula. Lakini unahitaji kidogo tu, kama chumvi ya mchuzi. Rangi ya karoti mwili huigeuza vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Iliyozidi ndiyo hiyo imekaa kwenye ngozi."

"Na macho yangu, daktari?"

"Anayekosa vitamini A hutatizika kuona gizani. Wewe umegonga pipa saa sita mchana. Nenda kapimwe miwani."

Bosi akaangua kicheko, akanirudishia funguo. Halafu akakumbuka, akaninyang'anya tena mpaka miwani ipatikane.

Dada akaanza kunichanganyia: mboga za majani, samaki, maini, maharagwe, na karoti mojamoja. Viganja vikarudi rangi ya kawaida polepole. Waliosikitika ni watoto wa bosi, maana walikuwa wamezoea kuwaleta rafiki zao langoni kunitazama, na mimi nilikuwa nawafungulia mikono bila kinyongo.