Alasiri Mama Aliponifuata Shuleni

Juzi, hapa Buffalo, Marekani, nilimwona mama mmoja akitoka akilia kwenye ghala ninakofanya kazi. Mtoto wake aliugua, yeye akakosa zamu, wakamfukuza kazi.

Nilikumbuka alasiri niliyotapika shuleni. Mama alikuja mbio, nguo zikinukia maboksi ya kazini. Nyumbani alinipikia uji, akalala kando yangu.

"Mama, leo ni likizo?"

"Ndiyo, mwanangu. Leo mimi ni wako."

Nilimwomba Mungu niugue kila siku. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba alasiri ile alifukuzwa kazi kwa kunifuata. Baba alifanya kazi ghala lilelile la mama, zamu ileile.

Jana nilimpigia baba simu, nikamwuliza kwa nini hakuja yeye.

"Mimi?" alishangaa kweli. "Mimi si nilikuwa kazini!"