Ndoa ya Kudhaniwa

Baba alifariki miaka ile ya tisini, si muda mrefu baada ya kiwanda cha kuchambua pamba kumpunguza kazini. Alikuwa ameanza kununua mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Mama aliyakaanga na kuyauza. Kwa biashara hiyo walimalizia kuezeka nyumba yetu ya Buswelu.

Matanga yalipokwisha, baba mdogo alirudi.

"Shemeji, ukoo umenichagua niwe msimamizi wa mirathi. Nimeshapeleka maombi mahakamani."

Mama alidhani ni mtu wa kulinda nyumba isivamiwe, akamshukuru. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Mimi ndiye binti aliyekuwa amemaliza sekondari, kwa hiyo jioni alinitaka nimweleze kwa Kisukuma.

"Anakusanya mali za marehemu, analipa madeni, kisha anawagawia wenye haki," nilimwambia. "Mali haiwi yake."

"Wenye haki ni nani?"

"Mke na watoto."

"Basi ni sisi."

Baba mdogo alipoanza kuleta watu wa kupima kiwanja, tulikwenda kuweka pingamizi. Nalo nilimfafanulia: ni kuiambia mahakama isubiri kwanza, tuna neno.

Hakimu alikuwa mwanamke mwenye mafua, mpole. Alimuuliza mama kama alitolewa mahari. Hakutolewa. Walifunga ndoa wapi? Hawakufunga. Walikutana mjini, wakaanza kuishi pamoja kabla mimi sijazaliwa.

"Mama, usiogope," hakimu alisema. "Mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na majirani wakawachukulia kuwa mke na mume, sheria inadhani wameoana. Tunaiita dhana ya ndoa."

Nilitafsiri. Neno la Kisukuma nililolipata ni lile tunalolitumia kwa mtu aliyedhani amesikia mvua, kumbe ni upepo tu. Mama alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemtukana.

"Nimemuuguza, nimemzika," alisema. "Wanadhani nini?"

Hakimu alisubiri nitafsiri, kisha akaeleza kuwa dhana husimama mpaka mtu alete ushahidi wa kuiangusha.

Ushahidi huo ulikuwa umekaa benchi la nyuma, umejifunga kitenge kilichopauka. Baba mdogo alikuwa amemtoa Kwimba yule mama, mkubwa kuliko mama yangu. Alisimama akasema kwa sauti ndogo kwamba marehemu alimuoa kanisani, akaenda Mwanza kutafuta kazi, na hawakuachana kamwe. Katekista aliyesimamia ndoa hiyo alithibitisha.

Hakimu alipenga kamasi. Mtu mwenye ndoa ya kanisani, alisema, hawezi kudhaniwa ameoa tena wakati mkewe yu hai. Akanitazama nitafsiri. Nilimwambia mama, "Mayu, wamekataa." Zaidi ya hapo sikuweza.

Nje, yule mama alitufuata.

"Shikamoo, dada," mama alimwamkia.

"Marahaba. Sikujua kama ana watu huku."

"Nami sikujua."

Msimamizi aliuza nyumba kabla ya masika. Sisi watoto hatukupata kitu. Kwa lugha ya mahakama tulikuwa watoto wa nje ya ndoa, na hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Mama alipewa sufuria zake na kitanda. Tukapanga chumba Nyegezi.

Mwaka uliofuata yule mama wa Kwimba alikuja na udaga, mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, kwenye mfuko. Alisema shemeji yake hakumpa hata yeye chochote cha maana. Lakini hilo silo lililomleta. Alitaka kujua kama baba aliteseka alipokuwa anakufa.

Mama alimweleza yote: kifua, damu, jinsi alivyokuwa akiomba ageuzwe upande wa ukutani. Yule mama alisikiliza huku ameshika magoti yake. Alipoaga, mama alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akalala bila kula. Hatukumwona tena.