Siku Niliyopiga Kelele za Moto

Mwanangu, umeniuliza kama mzaha wa shule unaweza kumkosesha mtu nafasi ya chuo. Keti kwanza. Ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hadi leo, mwili unanisisimka.

Nilikuwa kidato cha nne, shule ya wasichana hapa hapa Isiolo, na nilipenda sana kuchekesha watu. Wiki chache kabla ya mtihani, tukiwa maabara ya ghorofani, nilisimama ghafla nikapiga kelele, "Moto! Moto!" Nilitaka tu kuwaona wakikimbia. Wakakimbia kweli. Nilikuwa nimeshika mbavu kwa kicheko niliposikia mtu akilia kwenye ngazi. Rahma, msichana wa mtaa wa Kulamawe niliyekaa naye bweni moja, alikuwa chini, mkono wake wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kicheko kilinikauka mdomoni.

Rahma alifanya mtihani akitaja majibu, mwalimu akimwandikia. Mimi niliadhibiwa wiki mbili, nikafanya mtihani, nikapita vizuri. Nikadhani yameisha.

Baadaye chuo cha uuguzi kikaniita kwa mahojiano. Mwalimu mkuu alinipa cheti cha kumaliza shule, kile kinachoeleza pia mwenendo wa mwanafunzi, ndani ya bahasha iliyofungwa, nikaipeleka mwenyewe, kwa furaha. Mama aliyekuwa akituhoji akaifungua, akasoma, akavua miwani.

"Wameandika ulidanganya kuna moto, mwenzako akavunjika mkono. Ni kweli?"

"Ilikuwa mchezo tu, madam."

"Na wodini ukisema mgonjwa ameacha kupumua, nitajuaje kama unacheza?"

Nafasi yangu akapewa mwingine.

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Bulla Pesa, nikimlaumu mwalimu mkuu. Baba yangu, fundi wa viatu asiye na maneno mengi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mkono wa huyo msichana ulipona?"

Sikujua. Mwanangu, hilo lilinishtua kuliko kukosa chuo. Miezi yote hiyo sikuwa nimeuliza!

Kesho yake nilienda Kulamawe. Rahma aliitikia salamu, akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Nikaomba msamaha nikilia.

"Nilikungoja," akasema. "Mpaka nikachoka."

Sikumlazimisha anisamehe.

Mwaka uliofuata niliomba tena chuo kile kile. Kabla hawajasoma cheti changu niliwaeleza yote mwenyewe, na safari hii sikuliita kosa langu mchezo. Wakanichukua. Mkono wa Rahma haujanyooka mpaka leo.

Basi jibu langu ni ndiyo, unaweza kukosa chuo. Lakini chuo utaomba tena. Kabla hujafanya mzaha, fikiria ni nani anaweza kuumia. Na ukishakosea, nenda kwa uliyemuumiza mapema, usingoje mpaka kosa likuguse wewe. Mungu akulinde, akupe marafiki wa kucheka nao, na kila chumba utakachoitwa kujieleza, uingie bila hofu.